Maana ya michezo ya mikakati ya wakati halisi inayopunguza maikro

Mchezo wa mikakati ya wakati halisi ni mchezo wa video ambamo mchezaji hujenga kituo, huvuna rasilimali, huunda jeshi na kupigana bila kusubiri zamu, kwa kuwa saa ya mchezo haisimami wakati yeye anafikiri. Kazi za mchezaji huyo ni za aina mbili. Zipo za kupanga: ajenge wapi, rasilimali azitumie kwa lipi, amshambulie adui upande gani na lini. Zipo pia za kumwongoza askari mmoja mmoja na mfanyakazi mmoja mmoja kwa kubofya kipanya na kibodi bila kupumzika, na hizi ndizo ambazo wachezaji huziita maikro. Mchezo unaopunguza maikro ni ule uliobuniwa kwa makusudi ili sehemu kubwa ya kazi za aina hii ya pili ifanywe na programu yenyewe, au isiwepo kabisa, na umakini wa mchezaji ubaki kwa ajili ya kupanga.

Umakini huo ndio rasilimali adimu kuliko dhahabu na mbao zote zinazohesabiwa kwenye skrini, kwa sababu mchezaji hawezi kutazama mapigano ya kaskazini na ujenzi wa kusini kwa wakati mmoja. Wachezaji wa kulipwa wa StarCraft nchini Korea Kusini hufikia vitendo 300 na zaidi kwa dakika moja, ingawa vingi kati ya hivyo ni marudio yanayofanywa ili vidole visipoe. Katika mchezo wa namna hiyo, mpango mzuri wa mtu mwenye vidole vizito unaweza kushindwa na mpango wa kawaida wa mtu mwenye vidole vyepesi.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika StarCraft II, pale kundi la askari wa Marine linapokutana na Baneling, viumbe wanaojiviringisha hadi katikati ya kundi na kulipuka. Mchezaji akiwaacha askari wake walivyosongamana, kundi zima linaweza kuangamia kwa sekunde chache. Akiwatawanya upesi katika vifungu vidogovidogo, kila mlipuko huua wachache na waliobaki huendelea kufyatua risasi. Majeshi ni yaleyale na mpango ni uleule, lakini matokeo ni mawili tofauti. Mfano mwingine ulitoka kwa AlphaStar, programu ya akili bandia ya kampuni ya DeepMind inayocheza mchezo huohuo, ambayo mechi zake zilionyeshwa hadharani Januari 2019. Mpinzani wake, Grzegorz Komincz, anayejulikana kama MaNa, alikuwa na Immortal, aina ya askari ambao kwa kawaida huwatawala Stalker, askari wa aina nyingine. Programu hiyo iliwaleta Stalker kutoka pande kadhaa kwa pamoja, ikawa inamrudisha nyuma kila aliyejeruhiwa kabla hajafa, na ikashinda. Baadaye watafiti waliibana isizidi vitendo 22 katika kila sekunde 5. Maikro ikiwa kali kiasi hicho, hata kanuni ya nani anamshinda nani hupinduka.

Njia ya kwanza ya kuipunguza ni kurekebisha namna mchezaji anavyotoa amri. Katika Dune II ya mwaka 1992, kila chombo kilichaguliwa na kuamriwa peke yake, hivyo kupeleka vifaru kumi mahali pamoja kulihitaji kurudia kazi ileile mara kumi. Warcraft ya 1994 iliruhusu kuchagua askari wanne kwa pamoja, Warcraft II ya 1995 ikafikisha tisa, na StarCraft ya 1998 ikafikisha 12. Total Annihilation ya 1997 ilimwezesha mchezaji kupanga foleni ndefu ya amri na kuondoka, nayo Supreme Commander ya 2007 ikamruhusu kurudisha kamera nyuma hadi uwanja wote wa vita uonekane kwenye skrini. StarCraft II ilipotoka mwaka 2010, kikomo cha askari 12 kilikuwa kimeondolewa. Hata hivyo, mchezo huohuo uliingiza kazi mpya za kurudiarudia, kama vile malkia wa Zerg, mojawapo ya jamii za mchezo huo, aliyepaswa kuamriwa tena na tena ili mabuu ya kuzalisha askari yaongezeke, jambo linaloonyesha kwamba wabunifu wake hawakutaka vidole vya mchezaji vikae bure.

Uchumi nao una maikro yake, na mashamba ya Age of Empires II ni kielelezo chake kizuri. Katika toleo la 1999, shamba liliisha baada ya kuvunwa kwa muda, na mkulima akasimama bila kazi mpaka mchezaji alikumbuke na kulijenga upya kwa mbao. Nyongeza ya mwaka 2000 ilileta foleni ya kulipia mashamba mapema, na toleo la 2019 likaruhusu yajirudie yenyewe mradi mbao zipo. Kwa maoni yangu hakuna kilichopotea hapo, kwa sababu karibu kila mara mchezaji alikuwa na jibu moja tu: shamba lilimwe tena. Rise of Nations ya 2003 ilikwenda mbali zaidi kwa kuwafanya raia wasio na kazi wajitafutie kazi na kwa kuondoa kabisa suala la rasilimali kwisha.

Njia nyingine ni kubadilisha kile kinachoamriwa. Katika Kohan ya 2001, mchezaji hamwamuru askari mmoja bali kampuni nzima, yaani kundi la askari, ambayo muundo wake huuchagua kabla ya kuiunda. Vita vikishaanza, linalobaki ni kuendelea au kurudi nyuma, na kampuni iliyoharibika hujijaza askari wapya ikiwa ndani ya eneo la ugavi. Dawn of War ya 2004 ilitumia vikosi pia, na badala ya wafanyakazi wa kuchimba rasilimali ikaweka vituo vya kuteka na kushikilia. Company of Heroes ya 2006 iliwafanya askari wa kikosi wajifiche wenyewe nyuma ya kuta na mifuko ya mchanga iliyo karibu, ikaongeza na kitufe kimoja cha kukirudisha kikosi kwenye makao yake. Haikuondoa maikro yote, kwa kuwa bunduki ya rashasha bado huelekezwa upande maalumu na bomu la mkono bado hutupwa kwa amri.

Majesty, iliyotoka mwaka 2000, ndiyo iliyothubutu kuliko zote, kwani humo mchezaji ni mfalme asiye na mamlaka ya kumwambia shujaa yeyote aende wapi. Anachoweza kufanya ni kujenga vyama vya mashujaa na kuweka bendera yenye zawadi ya dhahabu juu ya pango la wanyama wakali au juu ya eneo lisilojulikana. Zawadi ikiwa ndogo, mashujaa wanaweza kuipita. Ikipandishwa, wezi wenye tamaa ya fedha huwa wepesi kuitikia. Fedha wanazopata huzitumia katika maduka ya mfalme huyohuyo, kisha watoza kodi wakazirudisha ikulu. Kilichokuwa maikro kinageuka kuwa sera ya uchumi. Gharama yake ni kwamba mchezaji hutazama shujaa dhaifu akienda kupigana na jitu asiloliweza, naye hana kitufe cha kumzuia.

Zero-K, mchezo unaopatikana bure, una jibu jingine: unampa askari akili kiasi. Silaha za masafa marefu hurudi nyuma zenyewe adui wa masafa mafupi anapokaribia, na vyombo vyepesi huyumbayumba ili kukwepa makombora. Mchezaji huchora mstari kwa kipanya na jeshi likajipanga juu yake.

Kupunguza maikro kusichanganywe na kusimamisha saa. Katika mapigano ya Total War, anayecheza peke yake anaweza kusimamisha vita na kutoa amri kwa utulivu, lakini hapo ameongezewa muda tu. Idadi ya amri ni ileile. Wala kupunguza maikro hakuna maana ya mchezo rahisi, kwani kosa la mpango halifichwi tena na wepesi wa mkono. Kipimo ninachokiona kuwa cha haki ni kuuliza kama kazi inayochukuliwa na programu ilikuwa na uamuzi ndani yake. Kulima shamba tena hakuna uamuzi. Kurudi nyuma kuna uamuzi, kwa sababu huenda kikosi kinatolewa mhanga ili kingine kipite, na askari anayekimbia bila kuulizwa anaweza kuharibu mpango mzima.

Wapo wanaotaka kinyume, hasa wapenzi wa mashindano, ambao kwao kuokoa askari aliyebakiwa na uhai kidogo ndiyo raha yenyewe. Warcraft III ya 2002 iliwaelekea hao: majeshi yake ni madogo, mashujaa wana uwezo maalumu, na jeshi likizidi ukubwa fulani mapato ya dhahabu hupungua. Cha ajabu ni kwamba humohumo kuhani anaweza kuachiwa aponye wenzake bila kuamriwa kila mara. Kutokana na mchezo huo wachezaji walibuni ramani ya DotA, ambamo kituo na wafanyakazi wa kusimamia viliondolewa na kila mtu akabaki na shujaa mmoja, yaani maikro ikabaki na sehemu kubwa ya kazi nyingine ikafutwa.