Tathmini ya uwezo: SHA inavyokisia mapato yako

Mwenye mshahara hesabu yake ni nyepesi. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka inayosimamia bima ya afya ya umma Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima wa zamani, mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara wote. Lakini muuza viazi karai wa Likoni, Mombasa, hana hati ya mshahara. Mapato yake hukisiwa, na kukisia huko ndiko kunakoitwa tathmini ya uwezo.

Akishajisajili kwa *147# huulizwa: mko wangapi nyumbani, paa ni la nini, ukuta na sakafu je, maji mnapata wapi, choo cha aina gani, mnapikia gesi au makaa. Majibu hayo ndiyo yanayogeuzwa kuwa makisio ya mapato, kisha hutozwa asilimia ile ile. Ukikisiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, mchango ni 550, yaani 6,600 kwa mwaka. Hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi, na hapa pana dhuluma: anayepata 5,000 akitoa 300 ametoa asilimia 6, zaidi ya mara mbili ya anachokatwa mwajiriwa.

Kwa Mombasa, makisio huharibikia ukutani. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale yaweza kuwa ya urithi, warithi wanane, na anayeishi humo anauza kashata. Kuna pia nyumba bila ardhi: ukuta wa saruji, bati zima, lakini mwenyewe analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Ukuta unaonekana; kodi haionekani.

Halafu kuna msimu. Asiyeajiriwa hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kusi ikivuma, vidau vidogo hushinda pwani vimefungwa. Mvuvi atatoa wapi 6,600 Julai? Lipa SHA Pole Pole inamwezesha kulipa kidogo kidogo, lakini ule ni mkopo.

Wengi hudhani kujisajili kumetosha. Kwa zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na 3, ndiyo: matibabu ya msingi hulipwa na hazina nyingine, ya afya ya msingi. Kulazwa Makadara, hospitali kuu ya rufaa ya Mombasa, ni jambo jingine. Huko huangaliwa kama tathmini imekamilika na mchango wa mwaka umelipwa, na mgonjwa akiwa tayari kitandani ndipo jamaa huanza kuchangishana.