Mazabodi ya usanifu huria: anza kuulizia mfumo endeshi

Kijana mmoja wa mwaka wa pili aliingia maabara yetu na kiboksi mkononi, jasho la daladala ya Mbagala halijamkauka. Ndani mlikuwa na VisionFive 2, mazabodi ndogo aliyoiagiza mtandaoni. Ameunga HDMI, amechomeka chaja, taa nyekundu inawaka, kioo cheusi tii. "Mwalimu, wameniuzia kimeo."

Kioo cheusi hakisemi kitu, kwa hiyo tuliunga waya wa siriali, unaopeleka maandishi ya bodi kwenye kompyuta nyingine, kwenye safu ya pini 40: ardhi, kutuma na kupokea, kasi 115200. (Adapta iwe ya volti 3.3, ile ya volti 5 inaweza kuua pini.) Mara ikaanza kumiminika C, C, C, C bila kikomo. Maana yake bodi haijapata pa kuanzia, inasubiri ilishwe programu kupitia waya. Kuna viswichi viwili vidogo kuliko punje ya mchele vinavyoiambia isome wapi: kadi ya microSD, eMMC (kihifadhi kidogo kinachochomekwa kwenye bodi) au kwingineko. Vilikuwa vimekaa upande usio wake. Tukavisukuma kwa kijiti cha meno, tukawasha upya. OpenSBI ikajitokeza, ikafuata U-Boot (programu mbili za kuwashia bodi), kisha keneli ya Linux, moyo wa mfumo endeshi.

Si kimeo, basi. Lakini kisa hicho kinaonyesha jinsi vifaa hivi vinavyotofautiana na kompyuta tulizozoea. Fundi wa Kariakoo anaweza kuchomoa diski kwenye mashine moja, akaichomeka kwenye nyingine, na mara nyingi ikawaka, kwa sababu kompyuta hizo huutajia mfumo endeshi vifaa vilivyomo. Bodi hizi ndogo nyingi hazifanyi hivyo. Keneli hupewa faili la ramani ya vifaa, la bodi hiyo hasa. Ukikosea faili, umepotea.

Sasa, huria ni nini hapa? Prosesa ya bodi hii inafuata RISC-V, seti ya maagizo (orodha ya amri ambazo prosesa inazielewa) iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010. Yeyote anaweza kuunda prosesa ya kuifuata bila kulipia leseni, tofauti na ARM, seti inayotumika kwenye simu nyingi. Ila seti ya maagizo ni kama sarufi: sarufi ya Kiswahili haina mwenyewe, riwaya inaye. Ndani ya chipu ya JH7110 iliyo kwenye bodi hii, viini vinne vya U74 ni usanifu wa kampuni ya SiFive, na sehemu ya michoro ni ya kampuni ya Imagination. Wanaodhani wamenunua kitu kilicho wazi mpaka shina wanajidanganya.

Vifaa vyenyewe havina maneno mengi: viini vya GHz 1.5, RAM iliyochomelewa (usitegemee kuiongeza), milango miwili ya mtandao, nafasi ya M.2 kwa diski ya NVMe. Kwa umeme wetu wa kukatika ghafla, weka mfumo kwenye NVMe au eMMC, kwani kadi za microSD huharibika upesi. Na feni ndogo si anasa kwa joto la Dar.

Kazi iko kwenye mfumo. Linux ilianza kuipokea RISC-V katika keneli 4.15, Januari 2018, lakini kila chipu inadai draiva zake (programu za kuendesha vifaa vyake), na hizo huingia moja moja. Mfumo wa mtengenezaji huja na karibu kila kitu kikifanya kazi, ila keneli yake huzeeka. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, ilianza kuutambua usanifu huu rasmi katika toleo la 13, Agosti 2025. Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, inakubali kwenye bodi hii, 25.10 haikubali, kwani imepandisha kiwango hadi RVA23, orodha mpya ya maagizo ambayo prosesa ya RISC-V lazima iwe nayo, na U74 haina maagizo ya vekta (ya kuchakata namba nyingi kwa mkupuo) yanayodaiwa humo. Windows usiiwazie. Mwenye duka anayetaka programu yake ya mahesabu anunue kompyuta ya kawaida iliyotumika, hatajuta.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela muulize muuzaji: toleo gani la mfumo, keneli ipi, na nini hakifanyi kazi. Akikujibu kwa GHz na GB, bado hajakujibu.

Kijana wetu alichagua Debian 13. Keneli yake, 6.12, haina draiva ya HDMI ya chipu hiyo, kwa hiyo kioo kimebaki cheusi vilevile na yeye anaingia kwa mtandao. Bodi inahifadhi mafaili ya wenzake wanne hosteli. Wanaomlaumu ni wale waliotaka kuangalizia mpira.