Haidropiriodi siyo kina cha maji, jamani

Kuna hili neno haidropiriodi, siku hizi limezagaa kwenye video za wanyamapori na karibu kila nikilikuta limewekwa pasipo pake. Mtu anazungumzia Everglades, ile ardhioevu kubwa ya Florida huko Marekani, na aligeta wake, hao jamaa wa mamba, anakwambia "Everglades mwaka huu haidropiriodi imefika sentimita 60 kwa hiyo aligeta watazaliana balaa", afu chini watu kibao wamepiga makofi. Hapo kuna makosa mawili, moja la neno na moja la mnyama mwenyewe, na hilo la mnyama limezaliwa na lile la neno, ndo maana nimeona niandike.

Maana yake haraka haraka. Haidropiriodi ni muda ambao sehemu fulani ya ardhioevu inakaa na maji juu ya ardhi ndani ya mwaka. Basi. Inahesabiwa kwa siku au kwa miezi. Neno ni la Kigiriki, maji na kipindi, hamna cha kuumiza kichwa hapo. Kinamasini unakuta nguzo imesimikwa ina namba, wanajua usawa wa ardhi upo namba ngapi, kwa hiyo wanahesabu siku zote ambazo maji yalikuwa juu ya hiyo namba. Yawe yamezidi kwa sentimita 2 au kwa mita nzima, siku ni siku, inahesabiwa moja. Ukiulizwa haidropiriodi ukajibu kwa sentimita ni sawa na mtu kaulizwa umekaa Dar miaka mingapi, yeye anajibu nyumba yangu ina ghorofa nne.

Sasa mtu atasema si maneno tu hayo, maji mengi si ndo yanakaa muda mrefu? Hapana, na hapo ndo panaponikera. Chukua sehemu mbili, zote wastani wa kina kwa mwaka ni sentimita 40. Ya kwanza ina sentimita 40 hizo hizo Januari mpaka Desemba, hazipandi hazishuki. Ya pili inafika 90 wakati wa mvua afu kiangazi inakauka mpaka udongo unapasuka. Ukiangalia wastani peke yake utasema ni mapacha. Muulize aligeta sasa. Kwenye ya kwanza atakuwa mwembamba, kwenye ya pili wanawe wanaweza wasifike mwaka.

Kabla sijaendelea, aligeta ninayemsema ni yule wa Marekani, wa majimbo ya kusini mashariki, siyo mamba wetu wa Rufiji au Turkana, na tofauti yao siyo pua tu. Mamba wa Nile anachimba shimo kwenye mchanga mkavu anafukia mayai. Aligeta anarundika majani na tope, analundika lundo lenye kimo cha chini ya mita moja hivi, anaweka mayai ndani kwa juu, na joto la kuyalea linatoka kwenye yale majani yanayooza pamoja na jua. Yaani kiota chake kipo pale pale kinamasini, mguu mmoja majini mguu mmoja nchi kavu, ndo maana habari ya maji kwake ni habari ya uzazi moja kwa moja.

Everglades ni Florida kusini, chini ya ziwa Okeechobee, ardhi imelala karibu flati kabisa, mteremko ni kama sentimita 3 kwa kila kilomita, kwa hiyo maji zamani yalikuwa yanatambaa taratibu kuelekea baharini kwa upana mkubwa mno. Mvua zao zinaanza Mei au Juni zinakata Oktoba hivi, baada ya hapo kiangazi mpaka Aprili au Mei. Kila sehemu ilikuwa na muda wake. Kwenye mikondo ya katikati, kama Shark River Slough, maji yalikaa karibu mwaka mzima. Pembeni kwenye mbuga za udongo wa chokaa yalikaa miezi michache tu afu yanaondoka. Huo mpangilio wa nani anakaa na maji miezi mingapi ndo umeamua wapi kuna mboji, wapi nyasi za aina gani, wapi samaki wanakua wakubwa, wapi aligeta anaweza kulea.

Afu binadamu wakaja. Barabara ya Tamiami Trail ikakamilika 1928 ikakata mkondo katikati, mafuriko ya 1947 yakawatisha watu, 1948 bunge lao likapitisha mradi mkubwa wa kuzuia mafuriko na kikosi cha wahandisi wa jeshi kikaingia kazini: mifereji, matuta, mapampu, mageti. Sehemu nyingine zimekuwa kama madimbwi yaliyozungushiwa ukuta, maji yanajikusanya upande wa chini hayatoki, na sehemu nyingine maji yanapita haraka mno kwenda baharini. Kwa hiyo Everglades hiyo hiyo moja kuna pahali muda wa maji umerefuka kupita kiasi na pahali umefupishwa, na mtu anakuja kusema "haidropiriodi ya Everglades" kama vile ni moja. Ipi?

Turudi kwa aligeta. Wanapandana Aprili na Mei, mwisho kabisa wa kiangazi, wakati maji yapo chini kuliko wakati wowote. Majike wanajenga viota mwishoni mwa Juni mpaka mapema Julai, mayai yanakaa kama siku 60 na kitu, watoto wanatoka mwishoni mwa Agosti na Septemba. Angalia hiyo kalenda vizuri. Mayai yanakaa ndani ya lundo wakati ule ule maji yanapanda kwa mvua, na maji hufika kilele Septemba au Oktoba, watoto wakiwa wametoka au wanatoka. Ni hesabu nyembamba sana. Yai linapumua kupitia ganda, maji yakilifunika kijusi kinakosa hewa, yakizama siku mbili umepoteza.

Jike anajuaje aweke mayai kimo gani? Hapa ndo kuna kitu kitamu. Anaangalia maji yaliyopo wakati anajenga. Maji yakiwa juu anaweka mayai juu zaidi, yakiwa chini anaweka chini. Watafiti James Kushlan na Terri Jacobsen waliandika habari hii 1990 kuhusu aligeta wa Everglades, na hoja yenyewe ni kwamba zamani hiyo mbinu ilikuwa inafanya kazi kwa sababu maji ya mwanzo wa msimu yalikuwa yanaashiria maji ya kilele, mwaka ulioanza na maji mengi unamalizia na maji mengi, mama anacheza kamari lakini kamari anayoijua. Baada ya mageti kuingia, hiyo alama imeharibika. Juni maji yapo chini kwa sababu mtu kafunga geti huko juu, jike anajenga chini kwa nia njema kabisa, Julai mvua kubwa inapiga na huko juu wanahofia kujaa, geti linafunguliwa, maji yanapanda kwa siku chache kuliko ambavyo yangepanda kwa wiki nyingi, na mayai ndani.

Sasa ukitazama mwaka kama huo kwenye karatasi, haidropiriodi inaweza ikawa nzuri tu, siku nyingi za maji, hata ndefu kuliko kawaida. Wastani wa kina nao mzuri. Viota vimekwenda. Kwa hiyo hata anayetumia neno kwa usahihi bado hajamaliza, maana kuna muda wa maji kukaa, kuna kina, kuna tarehe yanapopanda na kushuka, na kuna kasi yake, hivyo vinne ni vitu vinne. Wenyewe wataalamu wakivitaja pamoja wanasema haidrolojia ya sehemu. Haidropiriodi ni kimoja tu kati ya hivyo na watu wanataka kukibebesha vyote.

Na ukame je? Watu wanadhani ukame unaua aligeta wakubwa. Mara nyingi hauwaui, mkubwa anaweza kukaa miezi bila chakula cha maana, anajichimbia, anasubiri. Kinachopungua kwanza ni viota: kiangazi kikiwa kikali majike wengi hawatagi kabisa mwaka huo. Cha pili ni watoto. Aligeta huchimba vidimbwi vyao wenyewe, wanatoa tope na mizizi kwa mdomo na mkia mpaka chini kwenye mwamba wa chokaa, na kiangazi maji ya mwisho yanabaki humo pamoja na samaki, kasa, konokono, na ndege wanaokuja kula. Mtafiti mmoja mzee, Frank Craighead, aliandika sana kuhusu hivyo vidimbwi miaka ya 1960, jinsi vinavyobeba maisha ya sehemu nzima mpaka mvua irudi. Lakini mtoto wa aligeta mwenye sentimita 40 akijikuta kwenye kidimbwi kimoja na dume la mita tatu, hiyo siyo hifadhi tena. Wakubwa wanakula wadogo, tena bila aibu.

Hapo kwenye vidimbwi kuna tofauti nyingine ambayo inapuuzwa. Zile mbuga za pembeni nilizosema zina maji miezi michache, zamani ndo zilikuwa na aligeta wengi, pamoja na ukingo wa mikoko kule maji baridi yalikokutana na chumvi. Mtu akisikia hivyo anachanganyikiwa, kwani si haidropiriodi yake fupi? Ndiyo ni fupi, ila maji yakiondoka juu ya ardhi yalikuwa hayaendi mbali, yanabaki karibu hapo chini, ukichimba kidogo unayakuta, na aligeta ndo kazi yake kuchimba. Baada ya mifereji kunyonya, maji ya chini yanashuka mno kiangazi mpaka vidimbwi vyenyewe vinakauka. Nguzo ya vipimo inaweza kuonyesha mabadiliko ya wiki kadhaa tu juu ya ardhi, kumbe chini ya ardhi mambo yameharibika kabisa. Na ule ukingo wa mikoko nao maji baridi yalipopungua chumvi ikapanda, na aligeta hana tezi za kutoa chumvi zinazofanya kazi kama za mamba, watoto hasa hawaiwezi.

Upande wa pili, kule maji yanakokaa mwaka mzima bila kushuka, mpenzi wa sentimita 60 atasema pepo hiyo. Shida ni chakula. Maji yakishuka taratibu, samaki na kamba wa maji baridi wanajikusanya kwenye sehemu ndogo na aligeta anakula mpaka anavimba. Yakibaki juu mwaka baada ya mwaka kila kitu kimetawanyika, anaogelea sana anakula kidogo. Aligeta wa Everglades wanajulikana kwa wembamba, na kukua kwao ni polepole, jike anaweza kuchukua zaidi ya miaka kumi kufika urefu wa kuzaa ambao ni kama mita 1.8.

Sasa lile la "aligeta wameongezeka". Wanavyohesabu ni usiku, boti na tochi kali, unamulika macho yanarudisha mwanga mwekundu, unahesabu macho. Maji yakiwa chini, aligeta wote wamejazana kwenye mfereji na vidimbwi vilivyobaki, unamulika unaona macho kila kona. Maji yakiwa juu wamesambaa ndani ya majani huko boti haifiki na tochi haipenyi. Kwa hiyo mwaka wa ukame, ambao viota vimepungua na watoto wanaliwa, ndo hesabu inaweza kuonekana nono, ukimpa mtu asiyejua atakuandikia kwamba ukame umewafaa. Wanaofanya hii kazi kwa makini wanarekodi kiwango cha maji kila wanapohesabu na wanakiweka kwenye hesabu. Na mifereji ndo inadanganya zaidi, imejaa aligeta wakubwa kwa sababu haikauki, lakini kingo zake zimesimama wima, sehemu za kujengea na za kufichia watoto ni chache.

Nisieleweke kwamba aligeta anaisha. Aliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini 1967, uwindaji ukadhibitiwa, 1987 akatangazwa amepona, na Florida peke yake wanakadiria wapo kama milioni 1.3. Ila hiyo ni Florida nzima, na Everglades siyo Florida nzima. Ndo maana kwenye ule mpango wa kuirudisha Everglades uliopitishwa 2000 aligeta ni mmoja wa wanaotazamwa kujua kama maji yanarudi inavyotakiwa, na kipande cha Tamiami Trail cha maili moja kikainuliwa kuwa daraja 2013 ili maji yapite chini.

Kwa hiyo mdau wa sentimita 60, hujakosea sana. Ulichotaja ni kina, kiite kina. Ukitaka kutumia haidropiriodi tupe miezi, utuambie na ni sehemu gani ya Everglades, afu kama habari yako ni ya uzazi ongeza maji yalikuwa wapi mwishoni mwa Juni na yalikuwa wapi mwishoni mwa Agosti.