Jicho halitolewi

Sokoni Kibuye, Kisumu, bado utasikia kwamba mtoto wa makengeza akipasuliwa, daktari hung'oa jicho, hulilaza kwenye sahani, kisha hulirudisha. Si kweli. Jicho halitoki mahali pake. Kila jicho huzungushwa na misuli 6. Daktari hufungua utando mwembamba juu ya weupe, akaufupisha msuli au kuusogeza nyuma milimita chache, akaushona. Mtoto yuko usingizini.

Kabla ya kisu kuna tochi: mwanga wake usipotua mahali pamoja kwenye mboni zote mbili, kuna jambo. Wengine miwani tu huwatosha. Kibaya zaidi, kwangu, ni kungoja ati atakua yaishe: ubongo hulizoea jicho moja, la pili hufifia, na mtoto akishapita umri wa miaka 7 au 8 kuliamsha ni kibarua.