Utafiti wa ubora ukifika kiwandani

Kila ninapofundisha wakaguzi wa ubora, kuna anayeuliza kama tafiti za ubora hubadilisha kampuni kweli au huishia kwenye makabati ya vyuo. Hubadilisha, ila sijaona kampuni iliyobadilika kwa kusoma ripoti tu.

Ushahidi ninaouamini zaidi ulitoka kwenye viwanda vya nguo za pamba karibu na Mumbai, India. Kuanzia 2008, mchumi Nicholas Bloom na wenzake walizigawa kampuni 17 kwa kura: 11 zipate washauri wa kufanya nazo kazi kwa miezi kadhaa, 6 zichunguzwe tu. Waliyofundishwa hayakuwa makubwa: kuandika kasoro kila siku, kuhudumia mashine kabla haijaharibika, kujua uzi uliopo stoo. Kabla ya hapo, karibu sehemu moja ya tano ya nguvukazi ilikuwa ikirekebisha vitambaa vilivyotoka na kasoro. Mishahara yote hiyo inalipia kosa lililokwisha kufanyika! Na wenye viwanda wengi waliamini ubora wao uko sawa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu. Ndani ya mwaka wa kwanza tija ilipanda kwa asilimia 17.

Watafiti waliporudi 2017, karibu nusu ya yale yaliyoanzishwa yalikuwa yameachwa. Hata hivyo viwanda hivyo bado vilikuwa mbele ya vile ambavyo havikusaidiwa. Sababu kubwa za kuacha zilikuwa meneja kuondoka na wakurugenzi kukosa muda.

Hilo la meneja nimelishuhudia mwenyewe. Kwenye karakana moja ya kushona sare, Dar es Salaam, tulianzisha daftari la kasoro. Lilining'inia kwa kamba kando ya meza ya ukaguzi: tarehe, namba ya cherehani, aina ya kasoro. Msimamizi alilipenda, akalijaza kila jioni. Akapata kazi kwingine. Niliporudi baada ya miezi michache, kurasa za mbele zilikuwa na mishono iliyoruka na vifungo vilivyolegea. Za nyuma zilikuwa na madeni ya chai. Niliumia, lakini kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa nilimfundisha mtu mmoja.

Katika 5S, mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano tunayofundisha Tanzania (sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia), watu hushangilia ile ya kwanza, kwa sababu taka zikitoka kila mtu anaona. Shikilia haina picha ya kupiga. Ndiyo maana naheshimu sana watafiti wanaorudi. Waliojaribu mafunzo ya usimamizi kwa washonaji wadogo wa Dar es Salaam walipima mara tu baada ya mafunzo, kisha wakapima tena miaka mitatu baadaye. Aliyepima mara moja tu ameona shangwe ya mwanzo, hajaona kilichobaki.

Kwenye karakana ile kitu kimoja kilikuwa kimebaki. Dada anayeshona kola alikuwa bado akichora mstari wa chaki ukingoni mwa meza kila kola inaporudishwa. Hakuna aliyemwagiza aendelee. Aliniambia mistari ikifika mitatu anabadilisha sindano, kwa sababu kola ikirudi anaifumua na kuishona upya bila malipo. Siku hiyo tulianzia mezani kwake, na wasimamizi wawili wa zamu wakasimama pembeni wakimsikiliza.