pH ya besi kali mbili zikichanganywa: fuata OH⁻

Chukua mililita 50 za sodiamu haidroksaidi (NaOH) yenye pH 12, uchanganye na mililita 50 za nyingine yenye pH 13. pH mpya ni ngapi? Nikiwauliza kidato cha sita, jibu la kwanza ni 12.5. Anayekumbuka kuwa pH ni logi hubadili kila pH kuwa ukolezi wa H⁺ (ioni za haidrojeni), hutafuta wastani, kisha hutoa 12.26. Huyu wa pili ndiye anayeniuma zaidi, maana amekokotoa vizuri kabisa, ila amekokotoa kisichohusika.

Ndani ya besi, H⁺ ni chache mno na idadi yake huamuliwa na OH⁻, yaani ioni za haidroksaidi ambazo besi hutoa. Kwenye nyuzi joto 25, ukolezi wa H⁺ ukiuzidisha kwa ule wa OH⁻ lazima upate 10⁻¹⁴. OH⁻ ikiongezeka, H⁺ hukamatwa papo hapo na kuwa maji. Kwa hiyo huwezi kujumlisha H⁺ za vyombo viwili ukatarajia zibaki zilezile. Zinazobaki ni OH⁻, kwa kuwa hapo hakuna asidi ya kuzila.

Basi tuhesabu hizo. pH 12 maana yake pOH (14 ukitoa pH) ni 2, yaani moli 0.01 za OH⁻ kwa lita. Mililita 50 zina milimoli 0.5. Upande wa pili ni moli 0.1 kwa lita, sawa na milimoli 5. Jumla ni milimoli 5.5 ndani ya mililita 100: moli 0.055 kwa lita. pOH ni 1.26, pH ni 12.74.

Napenda sana kuwaonyesha wanafunzi kwa nini jibu limeshuka kidogo hivyo kutoka 13. Ukolezi ukipungua nusu, pH ya besi kali hushuka kwa 0.30 tu. Ujazo ukiwa sawa, pH ya mchanganyiko haiwezi kwenda chini zaidi ya 0.30 kutoka pH ya ile kali zaidi. Kwa kipimo hicho, 12.5 na 12.26 unazikataa kabla hujagusa kikokotoo.

Bariamu haidroksaidi, Ba(OH)₂, hutoa OH⁻ mbili. Mililita 20 zake za 0.10 M (moli 0.10 kwa lita) zina milimoli 4 za OH⁻. Ongeza mililita 30 za NaOH ya 0.10 M, ambazo ni milimoli 3: unapata 7 ndani ya mililita 50, yaani 0.14 M, pH 13.15. Ukisahau ile mbili utaandika 13.00.

Maji ya chokaa yanahitaji uangalifu zaidi. Chokaa yake, kalsiamu haidroksaidi, huyeyuka chini ya gramu 2 kwa lita, na OH⁻ ya NaOH hupunguza kiasi hicho zaidi. Changanya maji ya chokaa yaliyoshiba na NaOH ya 0.10 M kwa ujazo sawa, utaona unga mweupe ukituama. Unga huo umeondoka na OH⁻ zake, hivyo kujumlisha milimoli peke yake kutakupa pH ya juu kuliko iliyomo. Hapo lazima uingize umumunyifu wa chokaa (kiasi kinachoweza kuyeyuka) kwenye hesabu.