Ukanda wa kiuchumi wa bahari: ni nini, na tulinyang'anywa nini?

"Mwalimu, niambie ukweli. Somalia ilichukua bahari yetu ama haikuchukua?"

Swali hilo liliniangukia kwa kinyozi, Umoja, Nairobi, mashine ikiwa imeshapita upande mmoja wa kichwa. Hukumu yenyewe, ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, ilisomwa The Hague tarehe 12 Oktoba 2021, lakini kwa kinyozi hakuna kesi inayozeeka. Nikamwambia neno "yetu" ndilo linalotuchanganya. Sehemu kubwa ya kilichogombaniwa haikuwa yetu kwa namna ile ploti ya Ruai ilivyo yako ukiwa na hati mkononi. Ni kitu kingine, na kina jina: ukanda wa kiuchumi wa bahari.

Anzia ufukweni, pale maji yanapoishia yakikupwa kabisa. Huo ndio mstari wa msingi wa kawaida, na vipimo vyote hutoka hapo. Maili ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo ni ndefu kuliko ile ya barabarani. Maili 12 za kwanza, kilomita 22 hivi, ni kama kutoka katikati ya jiji hadi Kikuyu. Hapo nchi ina mamlaka kamili: maji, samaki, mchanga wa chini na hewa ya juu, ingawa meli za kigeni haziwezi kuzuiwa zikipita kwa amani. Endelea hadi maili 24, karibu umbali wa Thika, na bado serikali inaweza kumkamata mtu wa magendo au anayekwepa ushuru na uhamiaji. Halafu kuna safari ndefu hadi maili 200, kilomita 370, zaidi kidogo ya kwenda Kisumu kwa barabara. Kuanzia inapoishia maili ya 12 hadi hiyo ya 200 ndio ukanda wa kiuchumi.

Ndani ya ukanda huo nchi haimiliki bahari. Ina haki ya kunufaika na vilivyomo: kuvua jodari au kutoza ada anayetaka kuwavua, kutafuta mafuta na gesi, hata kuvuna umeme wa upepo na mawimbi. Fikiria shamba la miembe lenye njia ya kijiji katikati. Maembe ni yako, na mtu akichuma bila ruhusa unaweza kumshtaki. Lakini njia si yako. Mama mwenye mtungi, watoto wa shule, bodaboda, wote watapita, na ukijaribu kuweka geti chifu atakuita. Ndivyo ilivyo huko: meli ya nchi yoyote inapita, ndege inaruka juu, nyaya zinalazwa chini. Intaneti unayosomea haya huenda imepita kwenye waya uliotua Mombasa baada ya kuvuka maili nyingi za maji ambayo nchi fulani ina haki ya samaki wake, lakini haina haki ya kuyafunga.

Chini ya maji kuna hesabu nyingine. Sakafu ya bahari ikiendelea kutoka bara, nchi inaweza kudai kilichomo ndani yake hata kupita maili 200. Huko sitaingia sana, maana ni kazi ya wanajiolojia.

Kinachonifurahisha, na ambacho kinyozi hakukiamini mpaka nikarudia mara mbili, ni kwamba dhana hii ina alama ya vidole vya Kenya. Zamani nchi kubwa zilishikilia maili 3, kipimo kinachohusishwa na umbali wa risasi ya mzinga kutoka pwani. Kilichozidi hapo kilikuwa cha kila mtu, maana yake kilikuwa cha mwenye meli kubwa. Mwaka 1952 Chile, Peru na Ecuador zilitangaza maili 200, na mataifa ya wanamaji yakakataa kwa kuhofia meli zao kufungiwa njia. Kenya ikaja na suluhu ya katikati: mwenye pwani apewe samaki na madini, mwenye meli aachiwe njia. Wazo hilo ililipeleka Colombo Januari 1971 mbele ya kamati ya wanasheria wa Asia na Afrika, likafafanuliwa Lagos mwaka uliofuata, kisha Agosti 1972 likawasilishwa Umoja wa Mataifa kama rasimu ya vifungu. Mwanasheria aliyelibeba alikuwa Frank Njenga. Miaka kumi baadaye, Desemba 1982, liliandikwa kwenye Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, na mkataba ukaanza kufanya kazi Novemba 1994. Kenya na Somalia ziliuridhia mwaka mmoja, 1989.

Nchi mbili jirani zikiwa na maili 200 kila moja, mahali fulani haki zao zitalaliana. Hapo ndipo mtu anapotaka bikoni, ile alama ya mpaka. Nchi kavu ipo: Waingereza na Waitaliano walipogawana Jubaland miaka ya 1920 walipanda bikoni, na ya mwisho, namba 29, iko karibu na ufuko, kaskazini ya Kiunga. Mahakama ilichora mstari kutoka kwenye bikoni hiyo hadi maji yanapokupwa, na hapo ndipo mpaka wa baharini unapoanzia. Baharini huwezi kupanda kitu. Unapiga mstari wa hesabu.

Kenya ilitaka mstari uende moja kwa moja mashariki, ukifuata latitudo, kama ilivyokubaliana na Tanzania upande wa kusini mwaka 1976. Somalia ikasema upite katikati, kila nukta iwe na umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Hapo nikamwomba kinyozi gazeti. Nikalilaza mezani, nikalizungusha kidogo ili ukingo wake ulale kiupande, kona ya chini ikiwa kushoto na ya juu ikiwa kulia. Ndivyo pwani yetu ilivyo: inatoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Nikaweka kidole katikati ya ukingo, nikamwambia apige mstari usioegemea upande wowote. Kalamu yake ilishuka kusini-mashariki yenyewe. Nikamwambia apige mwingine ulionyooka kwenda mashariki. Kati ya mistari hiyo miwili kulibaki pembetatu, nyembamba ufukweni na pana huko mbali. Hiyo pembetatu ndiyo kesi nzima. Ilizidi kilomita za mraba 100,000, na kaunti ya Nairobi ina 696 tu.

"Sasa mbona tusiseme tu ni yetu, si tumekaa nayo miaka?" Ndivyo Kenya ilivyosema. Ilitangaza mstari wake mwaka 1979, na hoja yake ilikuwa kwamba Somalia ilinyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Majaji hawakukubali. Kimya cha namna hiyo lazima kiwe wazi na cha mfululizo, na Somalia kati ya 1991 na 2005 ilikuwa vitani, haina serikali ya kusimama na kupinga. Lakini lililouma zaidi, kwa maoni yangu, ni karatasi zetu wenyewe. Sheria ya Kenya ya maeneo ya bahari ya 1989 ilisema mpaka wa ukanda huo na Somalia utawekwa kwa makubaliano. Ukishaandika hivyo, huwezi kurudi ukasema makubaliano yalikuwapo tangu zamani. Mwenye ploti Kayole anajua: ukimwandikia jirani kwamba mtakaa mpime, umeshakiri kwamba hamjapima.

Hata hivyo Somalia nayo haikupata kila ilichoomba. Mahakama ilianza na mstari wa umbali sawa, kisha ikatazama pwani yote, Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, ikaona imebonyea katikati na Kenya inabanwa kama mtu wa kiti cha kati kwenye matatu. Mstari ukasogezwa kidogo kaskazini kutuachia nafasi. Dai la Somalia kwamba Kenya ilivunja sheria kwa shughuli zake kwenye eneo hilo lilitupwa. Sehemu kubwa ya pembetatu ilikwenda Somalia, kipande kikabaki kwetu.

Kenya haikuhudhuria vikao vya Machi 2021, na hukumu ilipotoka serikali ikaikataa. Hilo si geni. Mwaka 2016 Uchina iliikataa hukumu ya wasuluhishi kuhusu Bahari ya Kusini ya China, iliyosema miamba isiyoweza kubeba maisha ya watu haizai maili 200, bali 12 tu. Hakuna askari wa mahakama anayekwenda kusukuma mstari. Mwenye kampuni ya mafuta ndiye anayetazama ramani na kuuliza leseni yake inatambuliwa na nani, na mvuvi wa Kiunga naye anataka kujua ni askari wa majini wa nchi gani atamsimamisha.

"Na Migingo?" kinyozi akauliza, mashine ikinguruma tena. Migingo ni kisiwa cha ziwani, nikamwambia. Mkataba wa bahari hauingii Ziwa Victoria, hakuna maili 200 wala 12 huko. Mpaka wa pale ulichorwa na Waingereza wenyewe, na Kenya na Uganda zinabishania mstari huo umepita upande gani wa jiwe.

"Kumbe hata hujui nani mwenyewe."

"Malizia upande wa pili kwanza," nikamwambia.